Derly Anajifunza Kukataa kwa Kijerumani

Binti yangu Derly alifeli mtihani wa Kijerumani mara mbili. Mara zote mbili alifeli sehemu moja tu, sehemu ya kuzungumza. Bila cheti cha mtihani ule hakuna viza, na bila viza hakuna safari.

Derly ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee mjini Tunja, hapa kwetu Kolombia. Tangu yuko shule alitaka kwenda Ujerumani. Hakuna aliyemtia wazo hilo kichwani. Watoto wengine walitaka pikipiki, yeye alitaka Ujerumani. Akajifunza lugha jioni baada ya kazi, akaomba nafasi, na nyumba moja ya wazee katika mji wa Hamburg ikamkubali. Angesomea uuguzi kwao huku akilipwa. Sharti lao lilikuwa cheti cha lugha cha ngazi ya kati. Walimwekea nafasi mpaka Septemba. Baada ya hapo wangempa mtu mwingine.

Sasa ilikuwa Machi, na tulikuwa tumeshafeli mara mbili. Nasema tumefeli kwa sababu nyumba nzima ilisoma. Derly alibandika karatasi za Kijerumani kila mahali. Mlango ulikuwa na karatasi, jiko lilikuwa na karatasi, ndoo ya maziwa ilikuwa na karatasi. Alimbandika hata ng'ombe mmoja, na ng'ombe akaila.

Siku ile ya matokeo ya pili alirudi na baridi ya jioni, akakaa mezani bila kuvua koti. Mke wangu Inés akamwekea kikombe cha maji moto ya sukari guru na kipande cha jibini.

"Kunywa kwanza," Inés alisema. "Kisha useme."

"Kusoma nilishapita, mama. Kusikiliza nilishapita. Kuandika wamenisifu. Kuzungumza nimefeli tena."

"Mbona unajua maneno mengi kuliko mwalimu wako?" nikamuuliza.

"Sijui, baba. Nilikaa vizuri. Nilitabasamu. Sikumkatiza mtu."

Inés alikuwa amesikia habari kwa binamu yake. Kulikuwa na mtu mjini anayeuza vyeti vya lugha. Huendi kwenye mtihani, unampa jina na picha tu.

"Binamu anasema hata mhuri upo," Inés alisema. "Tukimuuza mtamba, fedha inatosha."

"Derly, wewe unaonaje?" niliuliza.

"Ndiyo, baba. Kama mnaona ni sawa."

Hakuona kuwa ni sawa. Uso wake ulionyesha. Lakini alisema ndiyo, na mimi kesho yake nikaenda kumtafutia mtamba mnunuzi.

Nilikwenda kwa jirani yetu Aura Cusba, maana yeye hununua maziwa yetu na kutengeneza jibini ya kuuza barabarani. Aura aliishi Hamburg miaka mingi. Alianza kwa kufua mashuka ya hospitali, kisha akawa mtunza wagonjwa. Alirudi kumuuguza mama yake, na mama alipofariki akabaki.

Kijijini kwetu walimsema vibaya. Walisema alirudi bila adabu. Sisi watu wa milima ya Boyacá tuna adabu mpaka inatuumiza. Ukiingia nyumba ya mtu unapewa chakula, na unakula. Ukiongezwa unakula tena, hata kama umeshiba mpaka kooni. Mtu akikuambia jambo usilolielewa, unatikisa kichwa na kusema ndiyo, bwana, asije akadhani hakusema vizuri. Sasa huyu Aura, kwenye ubatizo wa mjukuu wa dada yangu Hermelinda, aliongezwa nyama akasema, "Hapana, asante, nimeshiba." Hermelinda aliweka mwiko chini na kuingia jikoni. Tangu siku hiyo hakumuuzia viazi. Na padri akihubiri, Aura humfuata nje na kumwambia, "Baba, pale katikati sikuelewa, hebu rudia."

Nilimkuta anakoroga maziwa kwenye sufuria kubwa.

"Mtamba unamuuza?" aliniuliza. "Anaumwa?"

"Haumwi."

"Basi unaumwa wewe. Mtamba mzima wa kukupa maziwa mwakani, unamuuzia nini?"

Nikamweleza habari ya cheti. Hakuacha kukoroga.

"Jirani, hicho cheti wanakihakiki," alisema. "Wanawauliza waliotoa mtihani kama wanamjua huyu mtu. Wakisema hawamjui, binti yako hapati viza, na jina lake linabaki na doa. Hata safari ya halali ataikosa. Haya, tuseme amepenya. Siku ya kwanza kazini mzee anamwambia kifua kinambana. Cheti ndicho kitamsikiliza?"

"Sasa tufanye nini? Amefeli mara mbili."

"Amefeli kwa nini?"

"Hajui."

"Mlete jioni. Mje na maziwa pia."

Tulikwenda. Aura alimkabidhi Derly mwiko wa kukorogea, mimi nikakaa juu ya kreti na ndoo yangu. Hakutoa kitabu wala kalamu.

"Nieleze huo mtihani ulikuwaje," Aura alisema.

"Mnakaa watu wawili, Bi Aura. Mnapewa jambo la kupanga pamoja. Sisi tulipewa kumtembelea rafiki aliyelazwa hospitali."

"Mwenzako alikuwa nani?"

"Mhandisi mmoja kutoka Bogotá."

"Alisemaje?"

"Alisema twende Jumamosi. Nikasema ndiyo, vizuri. Akasema tununue maua. Nikasema ndiyo, wazo zuri. Akasema twende kwa teksi."

"Ukasema ndiyo."

"Ndiyo."

"Na mtihani wa kwanza?"

Derly alifikiri kidogo. "Vivyo hivyo."

"Uliyaelewa yote aliyosema huyo mhandisi?"

"Si yote. Alikuwa anakimbia."

"Ukamwambia arudie?"

Derly alimtazama kama aliyeambiwa avue nguo barabarani. "Bi Aura, mtu mzima yule. Alikuwa na tai."

"Haya. Tufanye hapahapa. Mimi ndiye mhandisi, bila tai. Mgonjwa wetu ni yuleyule."

Wakaanza Kijerumani. Mimi sikuelewa kitu, lakini neno lao la ndiyo nalijua, nalisikia nyumbani kila siku. Aura alisema jambo, Derly akasema ndiyo. Aura akasema lingine, Derly akasema ndiyo na kutabasamu. Ikawa hivyo mara kadhaa. Kisha Aura akanigeukia.

"Jirani, sikiliza tulichopanga. Nimemwambia binti yako tumtembelee mgonjwa saa nane za usiku. Akasema vizuri. Nimesema twende na ngoma na tarumbeta. Akasema ndiyo. Nimesema tumpelekee chupa mbili za pombe kali, tumnyweshe. Ndiyo. Mwisho nimesema tumshushe mgonjwa sakafuni, kitanda tukakiuze sokoni. Amesema ni wazo zuri sana."

Nilicheka mpaka kreti ikalia chini yangu. Derly alifunika uso kwa mkono.

"Hukuelewa?" Aura alimuuliza.

"La ngoma sikulielewa vizuri. La kitanda nililielewa."

"Mbona hukukataa?"

"Niko nyumbani kwako, Bi Aura. Nitakukataliaje?"

Aura aliketi. Alimpangusia Derly mkono uliokuwa na maziwa, akazungumza taratibu.

"Mwanangu, ugonjwa wako ni huo. Maneno unayo tele. Wale wasahihishaji wanataka kusikia ukiuliza, ukipinga, ukipendekeza jambo lako. Mtu akisema ndiyo tupu, watampa alama ya kitu gani? Mwenzako amepita kwa mgongo wako, wewe ulikuwa ukuta wa kupigia mpira."

"Lakini kukataa ni utovu wa adabu."

"Hapa, ndiyo. Kule, usipouliza wanadhani hujali. Nilifanya kazi na msichana kutoka Peru, mpole kama wewe. Asubuhi moja aliambiwa mzee wa kitanda cha dirishani asipewe kitu mdomoni, anasubiri upasuaji. Hakuelewa. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo. Mzee akaomba chai, akampa. Upasuaji ukaahirishwa, na yule mzee alikaa na maumivu siku nyingine nzima. Yule binti alilia. Hakuna aliyemlaumu kwa kutojua Kijerumani. Walimlaumu kwa kusema ameelewa."

Derly alirudisha mwiko sufuriani. Alikoroga. Baadaye akasema, "Nifundishe."

Somo la Aura lilikuwa hivi. Karatasi zote zitoke ukutani. Maneno ya ukutani yanabaki ukutani, alisema, hayaji mdomoni unapoyahitaji. Kila jioni Derly aje, wazungumze Kijerumani mikono ikifanya kazi, maana hata hospitali atazungumza huku anatandika kitanda. Usipoelewa, useme sijaelewa, tafadhali rudia. Ukidhani umeelewa, urudie kwa maneno yako: una maana kwamba hivi na hivi? Usipokubali, useme hapana, useme sababu, kisha upendekeze lako. Hapana bila sababu ni kununa, alisema. Hapana yenye sababu na pendekezo ni mazungumzo.

"Na nyumbani pia akatae," Aura aliniambia. "Kwa lugha yetu. Kama hawezi kumkatalia mama yake, Mjerumani atamweza wapi?"

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Jioni ya kwanza Inés alimwongezea supu. Derly alishika kijiko kwa mikono miwili.

"Hapana, mama. Asante. Nimeshiba."

Inés alibaki na upawa hewani. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Supu ina nini?"

"Haina kitu, mama, ni tamu. Nimeshiba tu. Napendekeza umpe baba."

Inés akanimwagia mimi, kwa hasira. Nikala. Mimi sikuwa nasomea mtihani.

Jumapili tulialikwa kwa Hermelinda. Kulikuwa na kondoo wa kuchoma, viazi, maharage mapana na mahindi. Sahani ya tatu ilipokuja, Derly akakataa kwa upole, na sababu akaitoa. Hermelinda alinitazama mimi, si yeye.

"Hajapanda hata ndege, ameshakuwa Mjerumani," alisema. "Huyo Aura amewaambukiza."

"Shangazi, chakula chako nakipenda," Derly alisema. "Tumbo ndilo limejaa. Napendekeza unifungie, nile kesho kazini."

"Kufungiwa wanafungiwa wafanyakazi wa shamba," Hermelinda alisema, na sahani ikarudi jikoni.

Njiani Derly alilia. "Nimemuumiza, baba."

"Umemuumiza," nilisema. Sikuwa na la kumdanganyia.

Aura aliposikia hakumsifu wala hakumpa pole. Alimwambia, "Sasa unajua uzito wa neno hapana. Basi ulibebe kwa sababu, si kwa mazoezi matupu. Kwa shangazi yako kula. Kwenye kazi uliza." Nadhani hilo lilimtuliza kuliko pole yoyote. Hakulazimika kuacha kuwa mtu wa kwetu. Alitakiwa ajue tu yuko kwa nani.

Aura alikuwa na rafiki Hamburg, Bi Henning, ajuza aliyeishi naye jengo moja. Wakapanga kila Jumapili Bi Henning ampigie Derly simu. Kizee yule alizungumza mbio, na meno ya bandia yakigonga. Simu ya kwanza Derly alikuwa anatikisa kichwa tu.

"Mwanangu," nikamwambia, "huyo bibi hakuoni."

Akavuta pumzi, akasema neno. Baadaye alinieleza kwamba lilikuwa, "Samahani, sijaelewa, tafadhali rudia." Upande wa pili tukasikia kicheko kikubwa. Bi Henning alikuwa amesema kwamba hata mwanawe mwenyewe haelewi anachosema, ila mwanawe haulizi.

Tangu hapo simu zile zilirefuka. Derly aliuliza, akabisha, akaulizwa. Walibishana kama viazi vichemshwe na maganda au bila maganda. Walibishana kama mbwa alale ndani. Siku moja simu ilikatika katikati ya ubishi, na bibi akapiga tena mwenyewe ili amalizie. Mimi sijui Kijerumani, lakini kubishana nakujua, na nilisikia kwamba binti yangu anabishana.

Juni tulikwenda Bogotá kwa basi la alfajiri. Mimi nilibaki nje ya jengo la mtihani na mkate wa jibini mkononi. Kama angefeli, Septemba ingepita na nafasi yake ingekwenda. Alitoka baada ya muda, nywele zimemlegea, uso umeiva.

"Vipi?"

"Nilipewa kijana mwanasheria, baba. Kijerumani chake maji. Tulitakiwa tupange sherehe ya kumuaga mwalimu. Akasema tukodi ukumbi mmoja mjini, akaeleza mengi. Nikamwambia samahani, hapo mwisho sijaelewa, ni ghorofa ya ngapi? Akasema ya nne, hakuna lifti."

"Ukasema ndiyo?"

"Nikasema hapana, haifai, kwa sababu mwalimu wetu anatembea na gongo. Napendekeza bustani."

"Mwalimu gani mwenye gongo?"

"Nilimtunga hapohapo. Akasema bustanini mvua itanyesha. Nikasema una maana kwamba tukae ndani lakini chini? Akasema ndiyo. Nikasema basi darasa letu wenyewe, ni bure. Akataka muziki, nikakataa, kuna wagonjwa jirani."

"Wagonjwa tena?"

"Ndio ninaowajua, baba. Tulibishana mpaka msahihishaji akatusimamisha, muda umekwisha."

"Na huyo mwanasheria amekasirika?"

"Amenishukuru mlangoni. Anasema alikuwa anaogopa atazungumza peke yake."

Alipita. Matokeo yalipokuja Derly alimsomea mama yake kwanza, kisha akakimbia kwa Aura na soksi bila viatu. Mimi nilibaki na ng'ombe, nikamshukuru Mungu kwa maneno machache, kwa kuwa mengi sina.

Inés alikwenda kwa Aura na kuku wawili na gunia la viazi. Nilimbebea gunia.

"Kuku nitachukua, asante sana," Aura alisema. "Gunia hapana, viazi ninavyo vinaota."

Nilimtazama mke wangu. Miezi michache nyuma angeondoka bila kuaga. Sasa alicheka.

"Bi Aura, tulikusema vibaya," alisema. "Wote. Na mimi nilikuwemo."

"Najua. Mlikuwa mnasemea nje ya dirisha langu."

"Tusamehe. Umetufanyia jambo kubwa. Binti yetu anakwenda kwa mlango wa mbele."

"Nimesamehe zamani. Kaa ule."

Inés akala. Akaongezwa. Akasema, "Hapana, asante, nimeshiba," akajishangaa mwenyewe, na wote wawili wakacheka mpaka wakapangusa macho.

Derly aliondoka Septemba. Bi Henning alimpokea uwanja wa ndege na gongo lake na mfuko wa mkate. Kazini, wiki za kwanza, daktari alimpa maagizo ya dawa kwa haraka koridoni. Derly akasema hajaelewa. Daktari akarudia. Derly akauliza, una maana kwamba nimpe bibi wa chumba cha pili vidonge viwili? Daktari akasimama, akatazama karatasi yake. Vile vidonge vilikuwa vya bibi wa chumba cha tatu. Siku hiyo daktari alimwita Derly mbele ya wenzake na kumshukuru. Aliponisimulia kwenye simu, nilitoka nje nikasimama zizini kidogo.

Nawaambia wanaosoma lugha ili wasafiri: zungumzeni na watu. Usipoelewa, sema hujaelewa. Usinunue cheti. Na kama una jirani aliyekwisha kukaa huko, hata akiwa na ulimi mgumu, mwendee, umshukuru.

Sasa gharama. Mtamba aliuzwa kweli, lakini kwa ajili ya nauli. Ada ya mtihani wa kuzungumza tulilipa mara tatu. Hermelinda hakutualika mpaka Pasaka iliyofuata. Alfajiri nakamua peke yangu, na mikono yangu inapata ganzi kabla sijamaliza ng'ombe wa mwisho. Inés bado anapika chungu kilekile, na kinabaki.

Juzi nilimwambia Derly kwenye simu, "Krismasi utakuja."

"Hapana, baba," alisema, "kwa sababu wenye watoto ndio wanaopewa likizo. Napendekeza Julai."

Mtamba mmoja, ada tatu, na Krismasi hii ya pili bila yeye.